Ndege ya Habib Isiyo na Bunduki

Mlango niliufunga mwenyewe, kwa mkono wangu.

Niliporudi kutoka bombani na ndoo ya maji, ulikuwa wazi!

Ndani, jirani yangu Adyero alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Ameshika kisu cha jikoni. Anachimba tumbo la ndege ya mume wangu...

"Adyero! Unafanya nini?"

Hata kugeuka hakugeuka.

Wapendwa wangu mnaosoma, subirini kidogo. Lazima niwaambie ile ndege ilikuwa kitu gani nyumbani kwetu, ndipo mtajua kwa nini ndoo iliniponyoka.

Ilikuwa Nakawa, mwaka sabini na sita, baada ya yale mambo ya Entebbe, makomando wa kigeni walipovamia uwanja wa ndege na jeshi likaanza kuona majasusi kila mahali. Siku hizo gari likipunguza mwendo nje, unaacha kutafuna. Mtu aliweza kupotea kwa neno moja tu la jirani.

Mume wangu, Habib, alikuwa fundi saa. Baba yake alipigana Burma, vita vya Mwingereza. Kikosi chao kilipotea msituni, wakala majani. Ikapita ndege juu, ndege ya mbao, ikawapiga picha, ndipo wakapatikana. Waingereza waliiita Mbu. Haikuwa na bunduki. Ilikuwa na kamera tumboni, basi.

Sasa mzee macho yalikuwa yanafifia. Habib akaanza kumchongea ndege hiyo, ndogo ya kukaa mezani, kwa mbao za masanduku ya chai. Alipiga msasa mpaka bawa likawa laini kama shavu la mtoto. Binamu yake, Nasser, alituletea rangi ya buluu, na nilimwombea dua kwa wema ule.

Jana yake ndiyo ilikuwa imekamilika. Habib alichukua vioo vya saa ndogo za kike, akavipachika tumboni viwe macho ya kamera.

"Na mimi niweke kimoja," Nasser aliomba. "Kwa ajili ya ami."

Habib akampa kibano. Nasser akaweka, mkono hautetemeki.

Na sasa Adyero alikuwa ameving'oa vyote!

"Tumekukosea nini?" nililia. "Chumvi tunagawana, mwanamke wewe! Ndiyo malipo haya?"

"Piga kelele baadaye," alisema. "Nipe ile nyundo ndogo."

"Sikupi!"

Akainuka, akaichukua mwenyewe. Akapigilia misumari kwenye pua ya ndege, imechomoza mbele kama meno.

Hapo Habib akaingia, anatoka sala ya Ijumaa, kanzu bado nyeupe. Akaangalia meza.

"Adyero... hiyo ni ndege ya picha. Haina bunduki!"

"Leo inazo."

"Umeiharibu! Mzee wangu nitamwambia nini?"

Nje, gari likapunguza mwendo.

Likasimama.

Adyero akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayekohoa. Akaenda kusimama pembeni.

Wakaingia askari. Mkubwa wao alikuwa sajini mmoja anaitwa Kamis, miwani myeusi hata ndani ya nyumba.

"Nani fundi ya saa?"

"Ni mimi, afande," Habib akasema.

"Wewe natengeneza ndege ya kupiga picha ya jeshi? Natuma kwa adui?"

Ndipo nikaelewa! Ile ndege isiyoweza kumdhuru mtu ndiyo ingemuua mume wangu. Ya bunduki ni mchezo. Ya kamera ni ujasusi.

Kamis akaiinua. Akaigeuza tumbo. Mashimo matupu.

"Tuliambiwa iko na vioo hapa. Mtu wetu alivishika na mkono yake. Wapi vioo?"

Akagusa misumari ya puani.

"Na hii nini mbele?"

"Bunduki, afande," nikasema haraka.

"Aaa! Ni ndege ya vita?"

Wapendwa, mume wangu nampenda, Mungu anajua. Lakini fundi ni fundi. Kitu kikitajwa vibaya mbele yake, kinamuwasha mwili mzima. Nilimwona anavuta pumzi.

"Kwa kweli, afande, Mbu ya namna hii..."

Nikamkanyaga! Kisigino, kwa uzito wangu wote.

"...inauma sana," akamalizia, machozi yakimlenga.

Askari wakacheka. Kamis hakucheka. Akamgeukia Adyero.

"Wewe mama wa kwete. Pombe yako nakunywa kila siku. Umeona vioo hapa?"

Adyero akatikisa kichwa.

"Umekuwa bubu?"

Nikamtazama. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. Kwenye kona ya mdomo, uzi mwembamba wa damu.

Ya Rabi! Vioo vilikuwa mdomoni!

"Jino, afande," nikasema. "Linamsumbua tangu juzi. Hawezi hata uji."

Kamis alimwangalia muda mrefu.

"Pole, mama."

Akaibeba ndege kwapani. "Hii napelekea mtoto yangu."

Wakaondoka.

Adyero akatema vioo kwenye kiganja, vyekundu. Nikampa maji ya chumvi, nikamshika kichwa akisukutua.

"Walikuwa wananywa kwangu asubuhi," alisema, ulimi mzito. "Wakasema, baada ya swala wanakuja kuchukua fundi saa, eti ana ndege yenye macho ya kamera. Mume wangu walipomfuata, hakuna mtu alituambia. Nilikaa napika chakula chake."

"Nani alisema juu yetu?" Habib akauliza.

Adyero akaendelea kusukutua.

Jibu lilikuja lenyewe. Kesho yake, mlango ukagongwa. Habib akafungua mwenyewe.

Nje alisimama Nasser. Nyuma yake, mkokoteni. Juu ya mkokoteni, godoro lake, masufuria yake, na kitanda alichokwisha kukifungua vipande...

Alikuja kuhamia!

Alipomwona Habib mzima, rangi ilimtoka.

"Binamu... nilisikia... nimekuja kumfariji shemeji."

"Kwa kitanda?" Habib akauliza.

Adyero akatoa kichwa mlangoni kwake. "Nasser! Rudisha godoro, mvua inakuja!"

Mtaa mzima ulicheka, na siku hizo kucheka kulikuwa adimu. Nasser hatukumwona tena.

Habib alichonga nyingine, kwa haraka, mlango umefungwa, na mzee aliipapasa kutoka mkiani hadi puani kabla giza halijamfika machoni. Adyero ndiye aliyeipeleka kwake, ndani ya kapu la mtama.

Wapendwa wangu, mna haraka ya kuhukumu. Aliyekuletea rangi ya buluu akitabasamu, na aliyeingia kwako na kisu... msiamue kabla hamjajua kila mmoja ameacha nini ili aje. Adyero siku ile aliacha pombe yake ikichemka. Ikamwagika yote.