Ukuta wa Gredi ya Tatu

"Wewe kijana, unacheka nini?"

Soko la Nyeri lilifurika Jumamosi hiyo. Karambu, mwalimu wa Kifaransa, alikuwa amewapanga wanafunzi wake kumi na wawili kando ya magunia ya kabeji. Alivaa sweta ya rangi ya haradali na sketi ya kitenge iliyogusa buti. Watoto walikuwa wakipaza sauti, "Je vais au marché!" yaani naenda sokoni. Juu ya ngazi, kijana aliyekuwa akiandika jina la duka alicheka mpaka brashi ikamtetemeka mkononi.

"Sicheki watoto, madam," alisema akishuka. Ovaroli yake ilikuwa na madoa ya kila rangi. "Nacheka huyo mama wa nyanya. Anawajibu ati, 'Karibuni, niwapimie ngapi?'"

Karambu alijikaza asicheke, akashindwa.

"Naitwa Mukhtar. Naandika mabango. Na kuchora pia."

"Kama unajua kuchora, niko na ukuta."

Katika wiki mbili, ukuta wa gredi ya tatu, katika shule ya kibinafsi pale Ruring'u, ukawa mji mzima: soko, hospitali, kanisa, msikiti wenye mnara wa kijani, na shamba la viazi kama yale ya Mweiga. Watoto walimuuliza mmoja wao, "Où vas-tu?" yaani unaenda wapi? Naye aligusa picha akajibu. Sumayya, msichana mpole wa miaka minane, kila Ijumaa aligusa mnara wa kijani: "Je vais à la mosquée," naenda msikitini. Hakukosea hata mara moja.

Na kila jioni simu ya Karambu ililia.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umetoa hiyo rangi?"

"Mikono, ndio. Masikio bado."

"Basi Jumapili ukinipitia na masikio ya bluu, mimi sikujui."

"Utanijua tu. Nani mwingine Nyeri anakupenda hivi?"

Karambu alitabasamu peke yake jikoni.

Halafu ikaja Jumatatu moja. Karambu alifungua darasa akakuta harufu ya rangi mbichi. Msikiti haukuwepo. Shamba halikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwanja wa ndege na ufuo wenye miavuli. Mkono uliochora ulikuwa uleule wa Mukhtar, aliutambua.

Sumayya alisimama mbele ya ukuta akiutazama. "Madam, sasa mimi niseme naenda wapi?"

Saa ya mapumziko Karambu alimpigia Mukhtar simu kwa hasira.

"Mukhtar, umefuta msikiti kwa mkono wako mwenyewe?"

"Si ulitaka?" Sauti yake ilikuwa baridi. "Ulionea aibu kuniambia, ukamtuma mkurugenzi. Sawa. Nimefuta. Usinipigie tena."

Akakata. Karambu alibaki ameshika simu, machozi ya hasira yakimchoma macho. Ametumwa nani? Na lini?

Hakungoja kesho. Shule ilipofungwa alienda moja kwa moja hadi duka la Mukhtar la mabango, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Rudia ulichosema. Nikiwa hapa, nakuangalia."

Mukhtar aliweka brashi chini. "Mkurugenzi wenu, Bwana Kihara, alinipigia simu Ijumaa. Alisema, 'Madam Karambu anataka picha hizo mbili, msikiti na shamba, zitoke. Anasema zinashusha hadhi ya darasa.' Nilichora nikilia, Karambu. Sikudanganyi."

"Nawe ukaamini! Miezi minne tunaongea kila siku, na hukuweza kuniuliza?"

Mukhtar aliinamisha kichwa.

"Vaa koti," Karambu alisema. "Twende."

Walimkuta Bwana Kihara ofisini, suti ya kijivu, chai mezani. Hakukana.

"Wazazi wanataka watoto wafike Paris. Kwenda shamba la viazi wanajua tayari."

"Kwenda wanajua. Kusema hivyo kwa Kifaransa ndiko hawajui," Karambu alisema. "Na Sumayya anaenda msikitini, haendi ufuoni. Unamfundisha adanganye kwa Kifaransa?"

"Ukuta ni wangu, madam."

"Ukuta ni wako. Jina langu si lako. Uliliweka kwenye uongo wako. Kuna mkutano wa wazazi Alhamisi. Nitawaeleza mwenyewe, au picha zirudi kabla ya hapo."

Bwana Kihara alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Mwishowe alisema picha zirudi, lakini uwanja wa ndege ubaki. Hakuomba msamaha. Karambu alitoka akiubamiza mlango.

Jumatano mchana Mukhtar alikuwa amepiga magoti akipaka mnara rangi. Karambu alikaa kwenye dawati la mtoto, amenuna.

"Nisamehe."

"Bado nimekasirika."

"Ningoje upoe ndipo nikuoe, au nikuoe ukiwa hivyo hivyo?"

Karambu alimkazia macho. "Kwetu Nkubu watauliza nitaolewa kanisa gani. Kwenu watauliza nitasilimu lini."

"Wacha waulize. Tutawajibu tukiwa wawili."

"Na siku mtu akikuambia Karambu amesema hivi na hivi?"

"Nitakuja kukuuliza. Hata kama uko jikoni na mwiko mkononi."

Karambu aliinuka, akachukua brashi ya pili, akapiga magoti kando yake.

"Sogea," alisema. "Shamba nalichora mimi."