Gemu Niliyoificha Kwenye Folda ya Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na tisa, mume na baba wa watoto wawili. Nina duka dogo la kupiga chapa na fotokopi hapa Tawa. Mnaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza...

Mama mkwe wangu alipougua, mke wangu Mutheu alikaa naye wiki nzima akimrekodi kwa simu. Mama alisimulia maisha yake, kisha akawabariki wajukuu mmoja mmoja kwa jina. Simu ilipojaa, Mutheu alizihamishia sauti hizo kwenye kompyuta ya duka, ndani ya folda yenye jina la mama. Mwezi haukuisha, mama akatuacha.

Mutheu hakuwa na moyo wa kuzisikiliza. Alisema atazifungua mwaka ukitimia, siku ya kumkumbuka mama. Mimi pia sikuzigusa. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali, na kumsikiliza akiongea akiwa kitandani niliona ni aibu kubwa.

Ndipo nikaingiza gemu kwenye ile kompyuta, ya kupanga matofali ya rangi. Dakika kumi tu, nilijidanganya... Walimu wakawa wanangoja mitihani yao mlangoni nami nasema mashine imekwama! Mutheu alinifumania, tukagombana, nikaapa nitaiondoa. Niliiondoa kweli. Siku nne tu!

Nikaiweka upya, safari hii ndani ya folda ya mama. Nani angeifungua? Mke anaogopa machozi, mimi naogopa aibu. Oneni akili ya mtu aliyenaswa!

Wiki moja kabla ya siku ya kumkumbuka, Mutheu aliniambia kesho anakuja dukani kuzisikiliza kwanza peke yake. Nikaanza kuiondoa gemu mbiombio. Kompyuta ikaniuliza kama ifute folda nzima na vyote vilivyomo. Sikusoma hadi mwisho. Nilibonyeza ndiyo.

Folda ikatoweka na sauti zote. Hata kwenye pipa la taka la kompyuta hazikuwako...

Nilimwambia Mutheu kompyuta imeharibika. Siku mbili nilijifungia dukani bila kujua la kufanya, na ili moyo utulie, nikaiweka gemu tena. Ndiyo, tena! Nilicheza huku nalia.

Siku ya tatu niliibeba kompyuta hadi kwa fundi kule Makindu. Aliniuliza kama baada ya kufuta niliweka kitu kingine. Nikainamisha kichwa.

"Ungeiacha vile ilikuwa, ningejaribu kuzirudisha," alisema. "Sasa hiyo gemu imekalia pale sauti zilikuwa."

Nilimweleza Mutheu kila kitu. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia...

"Umekaa nazo mwaka mzima," alisema. "Basi niambie tu yenye mama alisema."

Sikuwa nimezisikiliza hata mara moja.

Wenzangu, kama kuna kitu kimekushika, kiri mapema kwa watu wako. Aibu ya kukiri ni ya siku moja, lakini ya kuficha itakula hata vitu vya wengine. Msifuate njia yangu, nawasihi!

Gemu nimeiondoa, na sasa kompyuta ni ya kazi tu. Lakini siku ile ya kumkumbuka, binti yetu mdogo aliuliza nyanya alimbariki kwa maneno gani. Mutheu alinigeukia, akangoja nijibu. Hadi leo anangoja.