Namba Nne ya Foleni Fupi

Kila asubuhi nyumba ile iliamka na ugomvi, na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye kitanda. Kitanda kilikuwa cha Chapuchapu, msichana wa miaka kumi na miwili, mpaka Babu mzaa mama alipohamia kwao na sanduku lake la zana za viatu. Tangu siku hiyo Chapuchapu alilala kwenye godoro sebuleni. Babu alilala kwenye kitanda hicho, tena akilalamika kwamba kitanda ni kifupi.

"Nani kachemsha chai hii?" Babu aliuliza, akiitazama chai kwa uso uliokunjamana.

"Mimi."

"Nilijua. Majani hayakupata hata nafasi ya kulowa. Ndiyo maana wanakuita Chapuchapu."

Jina hilo alipewa na wenzake shuleni kwa sababu alimaliza kila kazi upesi, na nusu ya kazi hizo ilibidi zirudiwe. Wenzake walilitaja kwa utani. Babu alilitaja kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Naye Chapuchapu hakuwa malaika. Walikaa ghorofa ya tatu, na Babu alipopanda ngazi alisimama mara tatu, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika ukuta. Akiulizwa ana nini, alijibu, "Naangalia dirishani." Chapuchapu alikuwa akimpita mbio na kusema, "Leo kuna nini dirishani, Babu? Tusimulie na sisi." Mzee alimtolea macho, lakini pumzi ya kumjibu hakuwa nayo.

Mama, aliyekuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, ndiye aliyemlazimisha Babu kwenda zahanati. Huko walimpima damu, wakakuta kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu, imepanda sana. Daktari wa zahanati aliandika barua ya rufaa: mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa moyo katika hospitali kubwa, mapema iwezekanavyo.

"Moyo gani?" Babu alifoka. "Hili ni bega. Miaka arobaini nimeinamia viatu, leo bega likiuma mnaniletea habari za moyo."

Mama hakubishana naye. Alimgeukia Chapuchapu, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. "Kliniki ya moyo ni Jumanne tu, na mimi siwezi kukosa zamu. Kesho amka alfajiri, upeleke barua, uchukue namba. Kliniki ya moyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia kweli. Kusikia hakukuwa shida yake.

Jumanne alifika hospitali mapema, akiwa na bahasha ya plastiki yenye makaratasi yote ya Babu. Foleni ya kliniki ya moyo ilikuwa imeshajipinda mara mbili ukumbini, ikatokea nje. Aliposogea mbele achungulie tu, mwanamke mmoja alimsukuma kwa kiwiko.

"Mwisho wa foleni uko kule. Sisi tumekuja hapa kucheza?"

"Nilikuwa natazama tu, mama."

"Katazame ukiwa nyuma."

Karani wa dirisha lile naye alikuwa mkali. "Asiye na barua atoke mbele yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Na asiyeweza kusubiri aende nyumbani."

Chapuchapu alisimama nyuma kwa muda uliotosha kuumwa na miguu. Aliihesabu migongo ya watu mpaka akachoka. Pembeni palikuwa na dirisha jingine, la kliniki ya mifupa, nalo lilikuwa na watu watatu tu. Ndani ya bahasha, chini ya barua, kulikuwa na kadi ya zamani ya Babu, ya mwaka alipoumwa goti. Kadi ilikuwa ya kliniki hiyohiyo ya mifupa.

"Kwani yeye mwenyewe hakusema ni bega?" Chapuchapu alijiambia. "Na huyo mzee kisirani nidamke alfajiri yote hii kwa ajili yake, kwa lipi jema alilonitendea?"

Akahama foleni. Barua aliikunja, akaisukuma chini kabisa ya bahasha. Baada ya dakika chache alikuwa na namba nne mkononi.

Aliporudi nyumbani alikutana na Mama ngazini, Mama akitoka kwenda kazini.

"Umepata namba?"

"Nimepata. Nne."

"Nne?" Mama alimshika shavu. "Leo umenifurahisha, mwanangu. Nilidhani utaniangusha."

Chapuchapu akapanda juu bila kugeuka. Hakuwa ametamka neno hata moja la uongo, na bado alijua kabisa kwamba amemdanganya mama yake.

Saa tatu alimfikisha Babu hospitali. Njia nzima walinuniana. Kutoka getini hadi kliniki palikuwa na mwinuko, na Babu alisimama njiani, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, ingawa jua lilikuwa bado halijachachamaa. Walipofika mlangoni aliyasoma maandishi ya juu yake. Aliyasoma yote, kwa maana midomo ilikuwa ikimcheza: KLINIKI YA MIFUPA.

Chapuchapu alisubiri matusi. Babu alimtazama, akatazama mlango, kisha akaketi kwenye benchi.

"Hapa panafaa," alisema.

Basi wakakaa hivyo, watu wawili wasioiva chungu kimoja, wamekubaliana kwa mara ya kwanza, tena kwa jambo baya.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Alilishika bega la Babu, akalizungusha.

"Inua mkono. Zaidi. Unauma?"

"Unauma," alisema Babu, akakunja uso, lakini mkono ulikuwa umekwisha kufika juu. Kila siku alitundika koti lake kwenye msumari wa juu kuliko yote nyumbani, na hakuwahi kulalamika.

"Maumivu huja wakati gani?"

"Wakati wote."

"Kifua kinabana? Pumzi?"

"Salama kabisa, daktari. Ni bega tu. Niandikie dawa ya kuchua nikapumzike."

Daktari alimtazama kwa muda, kisha akavuta karatasi na kuchukua kalamu. Chapuchapu aliitazama ile kalamu. Mbele ya macho yake zilimjia ngazi za nyumbani, na madirisha yale matatu ambayo hayakuwa na kitu cha kutazama. Akaogopa, hofu ya kweli.

"Anadanganya," alisema.

"Nyamaza," Babu alimkemea.

"Haumwi akiinua mkono, daktari. Anaumwa akipanda ngazi, hata kama hakubeba kitu. Anashika kifua, anatweta, mkono huu wa kushoto anaukandakanda. Akisimama kidogo, yanaisha. Hata leo hapo nje kasimama."

"Mtoto hana adabu huyu. Mama yake kamlea vibaya."

Chapuchapu aliingiza mkono kwenye bahasha, akatoa barua iliyokunjwa. Daktari aliisoma, akaweka kalamu chini.

"Barua hii inakwenda wapi?"

"Kliniki ya moyo."

"Na hapa ni wapi?"

"Mifupa."

"Nani kaamua?"

"Mimi. Foleni ya kule ilikuwa ndefu." Machozi yalianza kumtoka. "Nikatumia kadi ya goti."

Babu alitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo, "Nami nilisoma mlangoni. Nilijua si penyewe."

Daktari alisimama. Alikuwa amekasirika, wala hakuficha. "Nilikuwa nakuandikia dawa ya kuchua na mazoezi ya bega. Ungerudi nyumbani ukapande ngazi zako na moyo unaolalamika. Mimi nimesomea mifupa, mzee. Kwa mambo ya moyo yupo aliyeyasomea na mwenye vipimo vyake. Mnataka nibahatishe?"

Aliita kiti cha magurudumu, akaandika maneno mawili makubwa juu ya barua: MGONJWA WA HARAKA. Babu alitaka kutembea. "Keti," alisema daktari, na Babu akaketi.

Kwenye kliniki ya moyo walimpitisha mbele ya foleni nzima. Yule mwanamke wa kiwiko aliguna, lakini alipouona uso wa Babu akasogea kuwapisha. Walimbandika nyaya kifuani kupima umeme wa moyo, wakamtoa damu tena. Daktari bingwa wa moyo aliitazama ile karatasi ya mistari kwa muda mrefu.

"Mafuta yanaonekana yameanza kuiziba mishipa inayolisha moyo," alieleza. "Ukikaa, damu inayopita inautosha. Ukipanda ngazi, moyo unadai zaidi na haupati. Hapo ndipo unapouma, na maumivu yanaweza kukimbilia begani na mkononi. Leo hurudi nyumbani. Utalazwa, tukuanzishie dawa na kuchunguza zaidi."

Mama alifika na aproni ya kiwandani, nyuzi zimemganda mikononi. Alipopewa habari yote hakupiga kelele. "Nilikushika shavu," alimwambia Chapuchapu. "Nikakusifu." Chapuchapu angeona nafuu kama angechapwa.

Babu alilazwa siku tano. Alirudi na vidonge, karatasi ya vyakula vya kuacha, na ulimi uleule. Alilalamikia mboga bila mafuta, akalalamikia kutembea kila jioni. Hata hivyo vidonge alivimeza kwa saa yake.

Jumanne ya kurudi kliniki, Chapuchapu aliamka bila kuamshwa. Alisimama kwenye foleni ndefu mpaka karani mkali akampa namba thelathini na moja. Babu aliipokea akiwa kwenye benchi, akaishika kwa vidole viwili.

"Thelathini na moja. Ulikuwa unalala njiani?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Hm." "Nikiwa kibandani kwangu, mtu mmoja aliniletea saa iliyoharibika. Ananiambia, wewe si fundi? Nikamwambia ni fundi, ila wa viatu. Kuifungua naweza, kuirudisha sitaweza. Mpelekee fundi wa saa. Alinitukana, lakini saa yake ilipona." Alilikunjua koti lake magotini. "Mimi niliyeyajua hayo, nikaupeleka moyo wangu kwa fundi wa mifupa, kwa sababu nilimwogopa fundi wa moyo atasema nini. Wewe ulikosa kwa uvivu, mimi kwa woga. Na daktari bingwa hata awe hodari vipi, ukimpelekea ugonjwa usio wake, au ukamficha ukweli, hana la kukusaidia. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu. Nisamehe."

"Nitafikiria. Na kitanda bado ni changu."

Karani aliita thelathini na moja. Waliinuka, wakaanza kuupanda mwinuko mfupi wa kuelekea chumba cha daktari. Katikati Babu alisimama. Ukutani palikuwa na tangazo, na palikuwa na dirisha. Chapuchapu naye alisimama kando yake.

Babu hakutazama dirisha. "Kinabana," alisema. "Kidogo tu. Tukiingia, mwambie daktari kama nikisahau."

"Hutasahau," alisema Chapuchapu, akampa bega lake ashike.