Mstari Alioruka Asma

Nyumbani kwenu, barua ikija kwa Kifaransa, nani huisoma? Kwetu hapa Kasongo ni kazi ya mjukuu wangu Asma, mwenye miaka kumi na miwili. Akirudi shuleni huvua sare, hunawa, hula muhogo wake na sombe, yaani kisamvu, kisha huvuka uwanja kwenda kwenye karakana ya mama yake, Subira. Huko husoma chochote kinachomngoja: karatasi ya dawa, ujumbe wa simu, hata maneno ya kwenye boksi. Sisi wakubwa tulisoma kidogo tu, na Kifaransa kilitutoka zamani.

Karakana ile hutengeneza vipuri vya mashine za kukoboa mpunga. Miaka mingi mume wangu, Babu Mahamudu, alivikata kwa msumeno na tupa, jasho likimdondoka puani. Mwaka huu Subira alinunua mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Lakini mashine hiyo haijui kitu yenyewe. Inataka programu ya kuiambia kisu kipite wapi, kizame kiasi gani, kiende mbio au polepole. Bila programu, ni meza nzito tu.

Djamali, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi Kindu na Asma humwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alituletea programu mbili tuzijaribu. Subira angenunua moja. Ya kwanza ilionyesha kipuri kikizunguka, chekundu na buluu, kama kitu chenye uhai. Watoto wa jirani walijazana dirishani kukiangalia. Ya pili ilionyesha mistari tu, ya kijani. Asma aliipenda ile ya rangi mpaka akaiota.

"Baba, wewe unataka ipi?" Subira alimwuliza Babu.

"Chagueni tu, mwanangu. Mimi mtu wa tupa." Akageuka, akaanza kuifuta mashine ambayo alikwisha kuifuta.

Jumatatu alfajiri Djamali aliondoka kwa pikipiki, akaacha barua. Asma aliporudi shuleni, Subira alimpa. "Soma, mama."

Asma alisoma vizuri, neno kwa neno, mpaka mstari wa nne. Mstari huo ulisema: programu ya rangi lazima ipate mtandao kila baada ya siku tatu, la sivyo inajifunga, lakini ile ya mistari haihitaji mtandao. Asma hakuusoma. Akarukia salamu za mwisho.

"Ndiyo basi?" Subira aliuliza.

"Ndiyo basi. Anawasalimu wote."

"Haya, kama zote hazina kasoro, Jumamosi nitalipia ile ya rangi."

Jioni ileile mvua kubwa ilinyesha, radi ikapiga mnara wa simu, na mtandao ukapotea mji mzima.

Alhamisi akafika Mama Pélagie kutoka Wamaza, matope mpaka magotini. Alifungua kitenge, akatoa gurudumu la meno lililovunjika vipande viwili.

"Subira, nisaidie! Mashine yetu imekufa, na mupunga tumeshavuna. Tunatwanga usiku na muchana. Wanawake wameniambia nisirudi bila meno."

"Meno yako au ya mashine?" Babu akatania.

"Yote, Babu! Nikirudi mikono mitupu, watanitoa na haya yangu."

Tulicheka. Subira akawasha jenereta, akafungua kompyuta. Kipuri chekundu hakikutokea. Kilitokea kidirisha cha kijivu chenye maneno.

"Inasemaje?"

"Inasema... imejifunga," Asma alijibu, akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Djamali ametudanganya!" Subira alipandisha sauti. "Ametuletea takataka! Mtandao ukirudi, nitamwambia maneno ambayo hajapata kuyasikia."

Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wangu, napepeta mchele. Nilimwona Asma akimtazama mama yake. Angeweza kuliacha kosa kwa Djamali. Djamali yuko mbali. Mama Pélagie alikuwa ameketi chini, anajisugua viganja. Vilikuwa na malengelenge ya mchi, mengine yamepasuka. Asma aliviangalia viganja vile.

"Mama," akasema, "Yaya Djamali hakudanganya. Aliandika. Mimi niliruka mstari."

Akaitoa barua, akausoma mstari wa nne. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kwa nini, Asma?"

"Niliipenda ile ya rangi. Nilijua ukisikia hutaichukua."

Subira akaketi juu ya pipa la mafuta. "Macho yangu ya Kifaransa ni wewe," akasema polepole. "Ukiyafumba, mimi naanguka shimoni."

Asma akalia. Hakuna aliyemnyamazisha. Kisha Babu akakohoa.

"Fungua ile ya mistari, tuone."

Ilifunguka mara moja. Asma akajifuta machozi, akaingiza vipimo vya gurudumu kama Djamali alivyomwonyesha. Mistari ya kijani ikajichora. Babu akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii ndiyo njia ya kisu?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi iko mbaya. Inapita juu kabisa ya ukingo wa jino. Kisu kina unene, mutoto! Kitakula jino lenyewe. Kipitishe nje."

Asma alitafuta, akaliona neno la Kifaransa lenye maana ya "nje", akabonyeza. Mstari ukasogea pembeni.

"Hapo!" Babu akapiga kofi.

Kwenye karakana yetu chuma hakikatwi kabla ya kujaribu kwanza kwenye sabuni. Babu alifunga mche wa sabuni ya mawese kwenye mashine, kisu kikaanza kuzunguka.

"Ninyi munatengeneza ao munafua?" Mama Pélagie aliuliza, nasi tukacheka tena.

Babu alilipapasa gurudumu la sabuni jino kwa jino, akalilinganisha na lile lililovunjika. Akatikisa kichwa kukubali. Ndipo wakaweka chuma. Kabla ya sala ya alasiri, Mama Pélagie alipanda pikipiki, gurudumu lingali na joto ndani ya kitenge. "Aksanti! Meno yangu yamepona!"

Subira akamwita Asma karibu.

"Sikukasirika kwa kuwa ulipenda rangi," alimwambia. "Ungesema tu, nami ningekusikiliza. Lakini anayemsomea mwenzake amebeba imani yake mkononi. Asome yote, linalompendeza na lisilompendeza. Leo kosa lingemwangukia mtu asiyekuwepo, nawe ukalichukua mwenyewe. Ndiyo maana barua zangu bado utazisoma wewe. Na Jumamosi tutalipia ile ya mistari."

Kisha akamgeukia baba yake. "Na wewe, Baba? Kila siku 'chagueni tu, chagueni tu'. Ulitaka nini?"

Babu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ile ya mistari," akasema. "Tangu siku ya kwanza niliona njia ya kisu inaonekana. Lakini maneno yake siyajui, na mzee kumwomba mtoto..." Akamwangalia Asma. "Nilitaka unifundishe kuyasoma, mjukuu wangu. Nikae pale mbele, nibonyeze mwenyewe."