Mitende Kumi na Miwili ya Rahila

Huyu Rahila mnayemwona leo kanyamaza, zamani akicheka Quriyat anasikika Yiti, wallahi! Kicheko kilimkatika jioni moja tu, mwaka wa pili tangu waliporudi huku nchi ya mababu kutoka Unguja, walipokimbia mapinduzi.

Jioni hiyo alikwenda kisimani, penye mitende yao kumi na miwili. Ndoo mkononi, kanga kichwani. Mwanawe Kheiria, wa miaka sita, siku ya saba homa haishuki. Thabit, mumewe, kaondoka jana kutafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali Matrah, mpaka saa hiyo kimya. Na kikohozi kile, bibi ee... kinatoa jivu. Jivu! Na jikoni moto haujawashwa tangu juzi.

Maji ya kumkanda. Hayo tu aliyafuata.

Kufika kisimani, harufu ya moshi. Akageuka huku, akageuka kule.

Hakuna moto.

Kra... kra... Mtu anakokota makuti makavu.

Chini ya mtende wa kwanza kainama mzee. Marhoon! Bidar wao, aliyehudumia mitende ile tangu ujana wake. Walimzika mwezi uliopita. Rahila mwenyewe kapika wali wa matanga.

Wenyeji walinong'ona kwamba hakufa, wachawi wamemchukua, kilichozikwa ni gogo la mtende lenye sura yake. Rahila akawacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Nyie watu wa huku mna mambo!"

Sasa ndoo ikamtoka mkononi.

"Baba Marhoon...?"

"Usiniite jina, bint. Wachawi watasikia."

"Mwanangu anakufa!"

"Anakohoa ulichokizima."

Alikumbuka. Kila mwaka Marhoon huchoma majani makavu chini ya mitende, moto mdogo usiozidi goti. Anasimama upepo ukimpiga usoni, ili moto uende polepole, na anatoa salamu kwanza, kila kinachoishi pale kipate kuhama. Jivu analilaza kwenye mizizi, kisha maji. Ardhi inakulisha, nawe uilishe. Lakini Rahila kaona nyumba ya babake ikiteketea Unguja. Mwezi uliopita, kuona moto tu, kapiga ukelele, kaumwagia ndoo ya maji. "Moto shambani kwangu, marufuku!"

"Sijamaliza, bint," mzee alimwambia siku ile. Siku ya tatu, akazikwa.

"Nichukue mie!" Rahila alilia sasa. "Mwache mtoto!"

"Wewe wa nini? Maliza kazi. Mie moto siruhusiwi tena kuushika."

Akakimbia ndani, akarudi na kibiriti. Njiti zinamdondoka. Machozi, kamasi, yote pamoja. "Asalaam alaykum wenye pahala... nihurumieni, piteni..." Mtende wa kwanza. Wa pili. Moshi unamwingia kooni, anaiona Unguja, anaendelea. Wa tano. Wa tisa. Giza linashuka, naye anahesabu kwa sauti, kama anasoma nyiradi.

Kumi na moja.

Chini ya wa kumi na mbili kasimama Marhoon. Mgongo umegandana na shina.

"Na huu."

"Basi ondoka!"

"Niondoke wapi, bint? Mie ndo huu."

Akatazama chini. Miguu haipo... mizizi tu, inaingia mchangani.

Kumwashia mtu moto miguuni! Mkono ulikataa. Njiti ya mwisho ikamuunguza kidole, ikazimika.

"Mamaaa! Maji!"

Sauti ya Kheiria! Rahila akatupa kila kitu, akakimbia. Mtoto kakaa kitandani, paji la uso baridi, macho maangavu. Kagugumia kata nzima ya maji. Rahila akamkumbatia, akacheka, kile kicheko chake chote, mpaka kuta zikaitika.

Ndo kilikuwa cha mwisho.

Mtoto akafungua mdomo. Ulimi mweusi, kama mkaa.

"Mama... bado mmoja."

Nje, uani, kitu kikaanza kukokotwa kuja mlangoni.

Kra...

Kra...