Mwali wa Mkongeni

Mashine ilishika nyuzi mbili nyembamba kuliko unywele, ikazipaka gundi, ikazipitisha moja juu ya nyingine, ikavuta. Basi. Ungetafuta zilipoungana mpaka macho yakuume. Kampuni iliiita Mfumaji-Hisivu, kwa kuwa vidole vyake vilivikwa ngozi iliyokuzwa maabara, ngozi inayohisi kama ya binadamu. Wanawake wa mji wa Mkongeni walilitupa jina hilo zamani. Wao walimwita Mwali.

Asubuhi hiyo Mwali alikuwa akifanya onyesho la mwisho mbele ya wageni wa makao makuu, na wageni walipiga makofi. Siwatu Mwinyimkuu, aliyekaa kiti cha mbele na gauni la sherehe alilopewa, hakupiga. Alijua wageni wakimaliza soda zao mtambo wa umeme wa kiwanda utazimwa, na pampu ya kisima itazimika nao. Alikuwa amemfuata mkurugenzi wa Kampuni mlangoni akamwuliza watu waliobaki watakunywa nini. Mkurugenzi alimjibu kwa upole mwingi kwamba mji ulipangwa kwa ajili ya kiwanda, na kiwanda kimekwisha.

Ulipangwa kweli. Kabla ya Kampuni, Mkongeni ilikuwa nyika na mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa. Wakaja na michoro yao: barabara zilizotawanyika kama miale ya jua, nyumba zinazochapwa na mashine leo na kuhamiwa kesho, shule, zahanati, uwanja wa mpira wenye majani ya kumwagiliwa. Walitaka kufuma kamba ya anga, kamba ndefu ya kupandishia mizigo kutoka ardhini hadi kituo kinachoelea juu ya Ikweta, ili dunia iachane na roketi. Mashine ziliweza kutengeneza nyuzi. Kuziunga zilishindwa, kila kiungo kilikatika. Ndipo mtu mmoja akawakumbuka wanawake wa Uzaramo wasukao ukili wa mikeka, wanaoongeza miyaa mipya ya ukindu na mkeka usioneshe kovu.

Basi wakaitwa, nao wakaja. Waliuza mashamba ya muhogo, wakahama na watoto na wakwe. Siwatu akawa mkuu wa waungaji. Ilikuwa miaka ya kula na kusaza, tusidanganyane. Harusi zilifungwa kila wiki, na mtu wa Mkongeni akienda mjini alitembea kifua mbele.

Kisha Kampuni ikaleta mashine iwe mwanafunzi. Bi Mwanahawa, shoga yake Siwatu, alinusa jambo. Alishauri waifiche hatua moja tu, ile ya kulegeza uzi kabla ya kuvuta. Siwatu alikataa katakata. Kwao msichana akiwekwa ndani hukabidhiwa kwa somo, mwanamke wa kumfunda, na somo hamfichi mwali kitu. Anayeficha amemlaani mtoto wa watu. Wakaifunga mashine kanga kiunoni, wakacheka mpaka machozi, wakaifunda yote. Injinia Mpangala, kijana mpole aliyesimamia mashine, alirekodi kila mguso.

Mwali alipofuzu, nakala zake zikarushwa juu kwa maelfu, zikaanza kufuma kamba kutoka angani kushuka chini. Huko hakuna mvua, hakuna uzazi, hakuna mtu wa kuomba ruhusa ya msiba. Siku moja Siwatu alioneshwa picha zao. Kidole chake cha mwisho kilivunjwa na rola ya kukunjia nyuzi kiwandani mwaka ule wa mwanzo, kikapona kikiwa kimepinda. Mashine zote angani zilikuwa zimekunja kidole hicho hicho. Injinia alimweleza kwamba walijaribu kukinyoosha na viungo vikaanza kukatika.

Baada ya hapo mji ulianza kuisha. Waungaji walishukuriwa na kupewa vyeti. Shule ikafungwa, majani ya uwanja yakageuka vumbi, vijana wakaondoka. Nyumba zile za kuchapwa zikaanza kumeguka kama mkate mkavu, na mashine ya kuzikarabati ilikwishahamishwa. Waliobaki ni wale wasio na shamba la kurudia, kwa sababu waliliuza. Hao ndio ambao mkurugenzi, na soda yake mkononi, aliona wamekwisha pamoja na kiwanda.

Mtambo ulizimwa adhuhuri ya siku ile ya onyesho. Feni zikasimama, bomba la mtaani likakohoa na kunyamaza. Mwali hakuzimika, kwani alikuwa na kiini chake cha nishati kifuani. Alipakiwa kwenye gari-jiendeshe, gari lisilo na dereva, apelekwe makumbusho. Lilipofika njia panda liliwakuta wanawake wamekaa chini barabara nzima, Siwatu katikati. Gari lililofunzwa kutokanyaga watu likasimama.

Mkurugenzi alishuka kwenye gari la nyuma. Akamkumbusha Siwatu kwamba kile ni chombo cha Kampuni.

"Chombo ni chenu," Siwatu akasema. "Mikono ni yangu. Kwetu mwali hatoki mpaka somo wake aridhike. Washeni pampu, tuwapishe."

Wenzake waliitikia kwa kichwa. Walikuwa na uhakika. Tangu dunia iumbwe hawajasikia ukoo uliokubali aibu ya kumwacha mwali wake njiani. Watu huuza hata ng'ombe wa mwisho ili somo aridhike.

Mkurugenzi alijitenga akazungumza na makao makuu. Aliporudi hakuwa hata amekasirika. "Mshusheni," aliwaambia mafundi. "Nakala zipo. Makumbusho watapelekewa nyingine."

Wakamshusha Mwali, wakamsimamisha kwenye vumbi. Magari yakageuza, yakapita upande wa uwanja wa mpira, yakaenda. Siwatu aliyasindikiza kwa macho, na kama jicho lingekuwa na moto yangeungua yote.

Injinia Mpangala hakupanda gari. Alisimama kando kama mtu aliyefumaniwa, kisha akamsogelea. "Bi Siwatu, kile kiini kifuani mwake kinaweza kuendesha pampu. Miaka mingi."

"Na yeye?"

"Kikitolewa, alichofundishwa chote kinafutika."

"Na wale wa juu?"

"Wale hawatajua. Wataendelea kufuma."

"Kwa mikono yangu."

Injinia akatoa bisibisi mfukoni.

Siwatu alimkaribia Mwali. Mwali alipomwona alinyoosha viganja mbele, kama mwanafunzi anayengoja uzi. Siwatu akavishika. Vilikuwa na joto. Alitamani vingekuwa vya baridi, vya chuma, amalize haraka. Bi Mwanahawa alijitolea kufanya kazi ile badala yake. Siwatu alimwambia akae, mwali ni wake. Akapokea bisibisi kutoka kwa injinia, akafungua kifua mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine.

Maji yalitoka jioni, mekundu kwa kutu, kisha meupe. Kwa desturi yao, siku ya kumtoa mwali mji mzima hupiga vigelegele. Wanawake wa Mkongeni walijaza ndoo, wakatwishana, wakashika njia za majumbani kwao, na hakuna aliyefungua kinywa.