Nyumba Isiyo na Inzi

Wewe, umewahi kuingia nyumba ya mfugaji ukakosa inzi? Hujawahi. Penye ng'ombe pana maziwa, penye maziwa pana inzi, na anayechukia kuwapunga asiende kuwatembelea Waorma. Ndiyo maana Abdia, siku aliyoinama kumpangusa bintiye Bishara maziwa yaliyokauka shavuni, alibaki na kitambaa mkononi akijiuliza ni nini kilichopungua mle ndani.

Alipotazama chini ya ukuta aliwaona. Wamelala chali, miguu juu, wengi kama mtama uliomwagika.

Kitu cha kwanza alichokishuku kilikuwa stoo.

Stoo ile ya mabati ilisimama uani kwake, nje kidogo ya Garsen, juu ya tuta ambalo mafuriko hayakulifikia. Mafuriko ya mwisho yaliingia majumbani yakabeba dawa za kupe, dawa za nyanya, sumu za panya na betri zilizokufa, yakavimwaga vyote katika maji yaleyale ambayo watu walikuja kuyateka. Maji yalipopungua, akina mama wa Kiorma na wenzao Wapokomo, wakulima wa kijiji cha Wema, waliunda kikundi: kila nyumba ilete sumu yake siku moja, ifungiwe mahali pamoja, lori lije liipeleke kunakoteketezwa inavyopaswa. Mlango ukatiwa kufuli mbili, ufunguo mmoja wa Abdia, wa pili wa Rosina wa Wema. Waliuita huo ushirikiano. Ukweli ni kwamba hakuna upande uliokuwa tayari kumwachia mwenzake sumu.

Barabara ilikuwa tope tupu, lori likakawia. Na katika kukawia huko, jua la utosi, saa ambayo hata mbuzi hunyamaza, kitu kikaanza kukwaruza mabati kwa ndani. Polepole. Kama ukucha unaotafuta upenyo.

"Panya," alisema mama mkwe wake, Gumato, bila kuinua macho.

"Panya gani, mama, wa kuishi na sumu ya panya?"

Gumato akarudia vibuyu vyake vya maziwa.

Kisha Bishara akaugua. Mate yalimchuruzika, jasho likamlowesha, nyama za mikono zikamchezacheza kama kuna kitu kinachotembea chini ya ngozi, na mboni za macho zikafinyika zikawa tundu la sindano. Pumzi yake ilinuka kitunguu saumu. Nyumba ile haikuwa na kitunguu saumu.

Wakamkimbiza hospitali ya Ngao. Daktari aliyatazama yale macho, akauliza, "Kuna sumu nyumbani?"

"Ipo. Imefungiwa kwa kufuli mbili."

"Sumu gani?"

"Sijui."

Mtoto akapona. Lori nalo likafika, likapakia kila kitu, stoo ikafagiliwa, ikaachwa wazi ipigwe na upepo. Bishara alirudi akicheka, akataka maziwa kabla hata ya kuvua viatu. Na Abdia, ambaye alikuwa ameamua kuwa yote yale yalikuwa uchovu wake mwenyewe, aliketi mlangoni jua la utosi akiutazama mlango wa stoo ulio wazi, tupu, mchanga mweupe hadi ukutani, akausikia ukucha ule tena, polepole, ukikwaruza, na ikamchukua muda kukubali kwamba sauti haitoki kule anakotazama bali nyuma yake, ndani ya nyumba, kule alikolala mtoto.

Jioni ile Bishara alikuwa anatoka mate tena.

Rosina, mama yake Joy, alikuja kumjulia hali. Abdia hakumkaribisha mkekani.

"Mama Joy, kufuli yako uliifungua lini?"

"Peke yangu? Nifungue nusu ya mlango?"

"Kuna kitu kilitoka mle."

"Kama kilitoka, kimebaki kwako, si kwangu." Rosina aliketi bila kukaribishwa. "Mwaniangalia vibaya tangu nilipofika. Tukiwaletea nyanya mwala. Tukileta dawa ya nyanya, tumeleta uchawi."

"Sikusema uchawi."

"Macho yamesema." Akashusha sauti. "Basi na mimi niulize. Mkebe wangu wa dawa uko wapi? Ule mweupe, wa kifuniko cha kuzungusha. Niliuweka kwa mikono yangu chini ya kivuli chenu, kabla stoo haijafunguliwa. Lori likipakia sikuuona. Nikasema moyoni, mama Bishara kaupenda."

"Waniita mwizi?"

"Nakuita jirani. Wewe ndiye umeniita mchawi." Alimgusa mtoto paji la uso, akauvuta mkono haraka. "Na jini gani huyu anayeogopa Ngao? Mtoto akiwa kule, mzima. Akirudi hapa, jini. Umeita gari?"

"Liko njiani."

Lakini Gumato naye alikuwa ameita mtu wake, na mganga akafika kabla ya gari la wagonjwa, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Aliitwa Mukhtar, wa Kipini, alikuja kwa bodaboda na ubani wake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alimfunika Bishara kanga, akafunga mlango, magharibi ikiingia, akakohoa kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo aliposhuka kwenye pikipiki.

"Ewe uliyeingia bila hodi," akaanza. Abdia alikaribia kumwambia aache maigizo.

Hapo ukucha ukakwaruza.

Wote waliusikia. Ulikuwa mle chumbani, katikati yao, na kila Mukhtar alipoongeza ubani nao uliongeza kasi, na harufu ya kitunguu saumu ikapanda juu ya harufu ya ubani, na moshi, ambao kwa kawaida yake hutafuta paa, ukashuka, ukatambaa sakafuni kama mbwa anayemjua mwenye nyumba, ukaelekea kona vilikotundikwa vibuyu vya maziwa, aliposimama Gumato, na kutulia pale, na Rosina akamshika Abdia mkono kwa nguvu, na Abdia hakuutoa.

"Nakutoa kwa moshi!" alipaza Mukhtar.

Chini ya kanga, mtoto alicheka. Sauti ile haikuwa ya mtoto.

"Moshi?" ilisema. "Moshi nimeuzoea. Kila asubuhi nafukizwa."

Chetezo kilimponyoka mganga. Aliposema tena, alisema kwa sauti yake halisi, nyembamba. "Nani... nani anakufukiza?"

"Anayempenda huyu."

Hakuna aliyejongea. Katika nyumba ya Muorma moshi wa asubuhi si wa majini. Ni wa vibuyu: kijinga cha moto hutiwa ndani, kikatikiswa, kikafunikwa, mpaka maziwa yatakayowekwa humo yapate harufu nzuri na yasiharibike. Na katika nyumba ile mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Abdia hakugeuka. Alimtazama Rosina, akakuta Rosina anatazama nyuma yake.

Nje, gari lilipiga honi mara mbili, likazima.

Abdia alimbeba mtoto. Alikuwa mzito, amelowa, pumzi yake ikikoroma.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, mgongo ukiwa bado umeelekea kona ile. "Daktari ataniuliza tena ni sumu gani. Mara ile nilimwambia sijui. Nikimwambia hivyo leo, huyu harudi."

Nyuma yake, kishindo cha mtu mzima anayeketi chini ghafla.

"Ulikuwa mzuri," Gumato alisema. "Mweupe, haupasuki, siafu hawaingii. Mlikuwa mwapanga vitu kivulini, nikauchukua, nikautia chini ya shuka. Niliusugua kwa mchanga. Nikausugua kwa jivu. Nikaushonea ukindu ufanane na vingine, nikaufukiza. Mama yangu alifukiza hata kibuyu alichonywea mwenye kifua kikuu, na sisi hatukuugua. Nilijua moshi hutoa kila kitu." Alivuta pumzi, ikakatika. "Ni mkebe wa huyu Mpokomo. Dawa yake ya nyanya. Maziwa ya Bishara ni mimi niliyekuwa nikiyaweka mle, kila siku. Mwambieni daktari. Ni mimi."